Nyumba ya Magomeni Isiyo na Maegesho: Kununua au Kuacha?

Familia ya watu watano inatafuta nyumba ya kununua Dar es Salaam: mume, mke, watoto wawili wa shule na mama mzazi wa mume. Mume anafanya kazi Posta na kila asubuhi hupanda mwendokasi. Mke ni mfamasia katika hospitali iliyo Upanga, na siku za zamu ya jioni hutoka saa 3 usiku. Mama ana maumivu ya magoti na huenda kliniki mara moja kwa mwezi. Gari ni moja, Toyota IST, na mtumiaji wake mkubwa ni mke.

Kisa hiki tumekiunda kutokana na mambo yanayojirudia kwa wanunuzi wa mitaa ya kati ya Dar. Bei zilizomo ni za kisa chenyewe, zisichukuliwe kuwa bei elekezi ya soko.

Zipo nyumba tatu. Ya kwanza iko Magomeni, ndani ya kiwanja kilichopimwa na chenye hati. Ni nyumba ya Kiswahili: vyumba sita pande mbili za ukumbi, uani jiko, bafu na choo. Ukuta wa mbele umegusa karibu mpaka wa kiwanja, kwa hiyo hakuna pa kuweka gari. Mtaa una upana wa mita 5.2, gari linapita. Bei ni shilingi milioni 130. Ya pili iko Mwananyamala, ndani ya vichochoro, ina leseni ya makazi (kibali cha muda cha kukaa, si hati), na inauzwa milioni 75. Ya tatu iko Magomeni hiyohiyo, mitaa michache kutoka ile ya kwanza. Ukubwa wa ndani unalingana, ila ina geti na nafasi ya gari moja. Bei yake ni milioni 170.

Dalali anaziita mbili za mwanzo "nyumba zisizo na parking", kana kwamba zina kasoro moja. Hapo ndipo wanunuzi wengi wanapopotea. Nyumba ya Magomeni imekosa maegesho. Nyumba ya Mwananyamala imekosa njia. Kukosa maegesho ni gharama ya kila mwezi, na gharama huhesabika. Kukosa njia ni kasoro ya nyumba yenyewe, na hata asiye na gari ataishi nayo.

Kwa nini nyumba ya Mwananyamala inaondolewa mapema

Kutoka barabarani hadi mlangoni ni mita 90 za kichochoro. Penye nafasi kubwa kuna mita 2, na panapobana, kati ya pembe ya ukuta wa jirani na nguzo ya umeme, kuna mita 1.1. Bajaji ina upana wa takriban mita 1.3. Maana yake hata bajaji haifiki; kinachofika ni bodaboda na toroli.

Magoti ya mama peke yake yangetosha kuiondoa nyumba hii, lakini kuna lililo zito zaidi: choo. Shimo liko nyuma ya nyumba. Gari la kunyonya majitaka litasimama barabarani na kuvuta bomba zaidi ya mita 100 ukijumlisha uani. Pampu ya gari hilo hainyanyui uchafu kwa nguvu isiyo na kikomo. Inaondoa hewa iliyomo ndani ya tangi, kisha mgandamizo wa hewa ya nje ndio unaosukuma uchafu kupanda. Kwa maji matupu mgandamizo huo hauwezi kuvuka mita 10 za kimo hata kwa hesabu ya darasani. Kwa tope zito, na bomba refu linalokula nguvu kwa msuguano, kinachobaki ni kidogo sana. Ndiyo maana mwenye gari akisikia umbali huo ama anakataa, ama anadai bei ya juu na kunyonya maji ya juu tu, tope likibaki chini. Shimo linajaa tena baada ya muda mfupi.

Gari la zimamoto lina upana wa karibu mita 2.5, hivyo nalo litabaki barabarani. Mchanga, kokoto na saruji za ukarabati zitaingia kwa toroli, na fundi atadai malipo ya kubeba juu ya malipo ya kujenga. Tena kichochoro hicho hakiko kwenye karatasi yoyote kama njia. Jirani akisogeza ukuta wake nusu mita, mnunuzi atabaki kupiga magoti kwa mjumbe na mwenyekiti wa mtaa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaitambua haki ya kupita kwenye ardhi ya mwingine, lakini haki hiyo huwa na nguvu ikiandikwa na kusajiliwa, na hapa haijaandikwa popote. Punguzo lolote la bei halifuti mambo haya. Kwa familia hii jibu ni hapana, hata muuzaji akishuka hadi milioni 60.

"Maegesho si yapo hapo mbele?"

Turudi Magomeni. Muuzaji anaonyesha ukanda wa mita moja na nusu kati ya baraza na mtaro, na gari lake mwenyewe limepanda hapo, tairi mbili juu na mbili mtaani. "Miaka yote tunaweka hapa," anasema. Anasema kweli, ila hauzi haki ya kuweka hapo, kwa sababu hana.

Chukua ramani ya upimaji inayoambatana na hati, tafuta bikoni (alama za mpaka zilizowekwa na mpimaji) za pembe mbili za mbele, funga kamba kutoka bikoni hadi bikoni. Kilicho nje ya kamba ni barabara. Katika kisa hiki kamba inapita sentimita 40 mbele ya baraza. Ukanda unaobaki, mtaro ukiwemo, ni hifadhi ya barabara, na barabara za mitaa mijini zinasimamiwa na TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, tangu wakala huo uanzishwe mwaka 2017. Siku mtaro utakapopanuliwa au lami kuwekwa, gari litaondolewa na hakuna atakayelipwa fidia. Mwaka huohuo wa 2017 nyumba nzima, sembuse maegesho, zilibomolewa kati ya Kimara na Kiluvya kwa sababu ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro. Kuegesha hapo kwa muda, kwa uvumilivu wa majirani, ni jambo moja. Kuulipia ukanda huo ndani ya bei ya nyumba ni jambo lingine.

Kisha pima gari. IST ya toleo la kwanza ina urefu wa karibu mita 3.85 na upana wa mita 1.7, vioo vya pembeni vikiwa wazi hesabu mita 2. Likipanda nusu juu ya ukanda, linachukua zaidi ya mita moja ya mtaa. Mtaa wa mita 5.2 unabaki na takriban mita 4, na jirani wa ng'ambo akiweka lake kwa mtindo huohuo zinabaki kama mita 3. Gari dogo litapenya. Boza la maji halitapenya bila kugonga kioo. Chanzo cha ugomvi mwingi wa majirani mtaani ni hicho: lori la mchanga limefika saa 1 asubuhi, mwenye gari yuko msalani.

Kuvunja chumba cha mbele

Kila nyumba ya aina hii ikiuzwa, fundi hatakosekana wa kusema chumba cha mbele kigeuzwe gereji. Tulipime wazo hilo kwa makini, kwani ndilo linalowafanya watu walipe bei ya nyumba yenye maegesho kwa nyumba isiyo nayo.

Chumba cha mbele kina mita 3 kwa 3. Gari lina mita 3.85. Kwa hiyo chumba kimoja hakitoshi. Lazima ukuta wa kati ya chumba cha kwanza na cha pili uondoke, ili upate mita 3 kwa 6. Ukuta huo wa tofali za saruji mara nyingi umebeba mbao za paa. Ukiuondoa bila kuweka boriti ya zege, paa litalegea na nyufa zitaanza juu ya milango. Ukuta wa mbele nao utafunguliwa kwa upana wa angalau mita 2.6, na juu ya uwazi huo itahitajika linta yenye nondo, iliyokaa angalau sentimita 20 kila upande juu ya nguzo za zege. Kuiegemeza kwenye tofali kuukuu hakutoshi.

Upana wa mita 3 ukiingiza gari la mita 1.7 unabakiza mita 1.3. Likikaa katikati, kila mlango unapata sentimita 65, na mtu mzima anajipenyeza. Mama mwenye magoti mabovu hatashukia humo. Atashukia mtaani, gari ndipo liingie.

Kizuizi kikubwa zaidi ni kona. Ili gari liingie kwa pembe ya mraba kutoka mtaa wa mita 5.2 kupitia uwazi wa mita 2.6, dereva anahitaji mtaa mzima uwe mtupu. Jirani wa ng'ambo akiegesha, haliingii, au linaingia kwa kwenda mbele na nyuma mara tano. Jaribio lake halina gharama: chora kwa chaki upana wa uwazi kwenye ukuta, weka makopo mawili mahali zitakapokuwa nguzo, kisha leta gari usiku majirani wakiwa wamerudi, ujaribu kulielekeza. Usifanye jaribio hili saa 4 asubuhi mtaa ukiwa mweupe.

Mbele kuna mtaro wa sentimita 60. Utahitaji kivuko cha zege chenye mifuniko inayonyanyuka ili mtaro usafishwe, na ruhusa ya TARURA kabla ya kumwaga zege. Wanaoziba mtaro kwa kifusi na bamba moja hufurika wao wenyewe masika ya kwanza, pamoja na jirani wa juu. Ukarabati wa ukuta unaobeba unahitaji kibali cha ujenzi cha halmashauri. Na gari likishalala ndani ya nyumba, moshi wake unalala na watu: hewa ya kaboni monoksidi haina harufu, na injini inayounguruma dakika chache mlango ukiwa umefungwa inatosha kuwadhuru walio vyumbani. Ukuta wa kuelekea ukumbini uwe mzima hadi kwenye dari, usiwe na dirisha wala tundu la hewa upande huo, na matundu ya kupitisha hewa yaelekee nje.

Ongeza vyumba viwili vilivyopotea. Vikipangishwa kwa shilingi 80,000 kila kimoja, hiyo ni 160,000 kwa mwezi. Tutaona punde kwamba fedha hizo zinazidi gharama nzima ya kuishi bila maegesho. Kwa nyumba hii, gereji ya ndani haifai. Fundi akileta makadirio ya milioni 8 au milioni 15, jibu ni lilelile.

Hesabu

Pengo la bei kati ya nyumba ya kwanza na ya tatu ni milioni 40. Hiyo ndiyo bei halisi ya maegesho.

Kama milioni 40 zingekopwa benki kwa riba ya asilimia 16 kwa miaka 15, rejesho lingekuwa karibu shilingi 587,000 kwa mwezi, na mwisho wa mkopo zingekuwa zimelipwa zaidi ya milioni 105. Kama ni fedha taslimu ambazo zingewekwa kwenye akaunti ya muda maalumu kwa asilimia 8, familia inapoteza milioni 3.2 kwa mwaka, yaani kama 266,000 kwa mwezi.

Upande wa pili ni gharama ya kulaza gari kwingine. Uwanja wenye ukuta, taa na mlinzi, mita 350 kutoka nyumbani, unatoza 70,000 kwa mwezi. Usiku wa zamu, mke ataliacha gari uwanjani na kupanda bodaboda au bajaji hadi mlangoni: safari 12 kwa 2,000 ni 24,000. Gari lenye thamani ya milioni 12 likikatiwa bima kubwa kwa asilimia 3.5 ni 420,000 kwa mwaka kabla ya VAT, sawa na 35,000 kwa mwezi. Jumla ni 129,000. Weka juu yake akiba ya saiti mira, betri na taa zitakazoibwa siku moja, ufike 150,000.

Basi 150,000 dhidi ya 266,000 kwa mwenye fedha taslimu, na dhidi ya 587,000 kwa mkopaji. Kwa mkopaji hakuna mjadala. Kwa mwenye fedha taslimu, ada ya uwanja ingepanda hadi kufikia kama 186,000 kwa mwezi ndipo pande mbili zilingane. Familia ikinunua gari la pili, gharama inakaribia mara mbili, na hata nyumba ya tatu ina nafasi ya gari moja tu. Kwa hiyo swali la kuulizana mezani kabla ya kutoa pesa ni kama kuna gari la pili ndani ya miaka mitano.

Bima isikatwe kwa kukisia. Bima ndogo hailipi gari lako likiibwa. Na fomu ya bima kubwa ikiuliza gari linalala wapi, jaza uwanja halisi. Ukiandika "ndani ya geti" ili upunguziwe, umeipa kampuni ya bima sababu ya kukataa dai.

Uwanja wenyewe

Udhaifu wa nyumba ya kwanza haupo kwenye nyumba, upo kwenye uwanja wa kulazia gari. Viwanja vingi vya aina hii katikati ya Dar ni ardhi inayosubiri kujengwa. Siku mwenye nacho akipata fedha, mabati yanazungushwa na magari yanatolewa ndani ya wiki. Kosa la kawaida ni kukubaliana kwa mdomo na mlinzi, kumlipa mkononi, na kutomjua mmiliki. Mlinzi akibadilishwa, na nafasi yako imekwenda.

Mnunuzi atafute maeneo mawili kabla ya kusaini mkataba wa nyumba: moja la kutumia, moja la akiba. Mbali na viwanja vya magari, aulize vituo vya mafuta, sehemu za kuoshea magari, na taasisi zenye uzio ambazo usiku huwa tupu. La kwanza liandikwe: jina la mmiliki na namba ya kiwanja, namba ya nafasi, saa za kuingia na kutoka, ada, nani anabeba hasara gari likiguswa, na notisi ya siku 90 kwa kila upande. Malipo yapite kwa simu au benki kwenda kwa mmiliki ili kumbukumbu ibaki. Mkataba wa mwaka mmoja ukilipiwa miezi mitatu mitatu unatosha. Usilipe mwaka mzima kwa mtu ambaye kesho anaweza kuanza kuchimba msingi.

Angalia pia mwinuko wa ardhi. Magomeni imepakana na bonde la Msimbazi, na mvua kubwa zikinyesha maji hujaa Jangwani hadi Barabara ya Morogoro kufungwa. Uwanja wa bei rahisi ulio upande wa bondeni ni hatari kuliko mtaa wenye wezi: maji yanaingia saa 9 usiku, gari liko mita 350 mbali, na mwenyewe amelala. Chagua uwanja wa juu, ikiwezekana upande wa Barabara ya Kawawa. Jangwani ikifungwa, mke bado ana njia ya kuzungukia Kinondoni na kushuka kwa Barabara ya Ali Hassan Mwinyi hadi Upanga, na gari likiwa upande huo hapotezi muda.

Umbali upimwe kwa miguu, si kwa ramani ya simu. Mita 350 ni dakika nne au tano kwa mtu mwepesi mchana. Zipite saa 3:30 usiku, zipite mvua ikinyesha, zipite na mtoto aliyelala begani. Hesabu taa zinazowaka. Kwenye kisa hiki kipande cha mita 120 kando ya ukuta mrefu hakina taa wala duka, ndiyo maana safari za bodaboda zimeingia kwenye hesabu kama lazima.

Mtaa nao uchunguzwe kwa nyakati zake: siku ya kazi kati ya saa 2 na saa 4 usiku, Ijumaa adhuhuri kama kuna msikiti karibu, Jumapili asubuhi kama kuna kanisa, na siku moja ya mvua. Waulize majirani turubai la msiba au harusi hufungwa sehemu gani, kwani likifungwa mtaa huzibwa, pengine siku tatu. Hilo halizuiliki wala halipaswi kulalamikiwa. Linatakiwa kujulikana ili mama ashushwe kona ya pili.

Uamuzi

Familia inunue nyumba ya kwanza, lakini si kwa milioni 130. Gharama ya 150,000 kwa mwezi ni milioni 1.8 kwa mwaka. Kwa asilimia 8 hiyo ni sawa na mtaji wa milioni 22.5. Bei ikiwa chini ya ile ya nyumba ya tatu kwa milioni 22.5 au zaidi, maegesho yameshafidiwa, na hapa pengo ni milioni 40. Hata hivyo mnunuzi ajaye miaka kumi mbele atadai punguzo kama hilo, tena huenda magari yakawa yameongezeka. Kwa sababu hiyo tungeanza na ofa ya milioni 118, tukiwa tayari kufika 124, na hoja mezani iwe kamba ya bikoni: sentimita 40 ndizo mali, zilizobaki ni barabara.

Mengine ni ya nyumba yoyote: upekuzi wa hati kwenye ofisi ya msajili wa hati, ridhaa ya mwenza wa muuzaji kwa maandishi, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya 1971 inailinda nyumba ya ndoa, na mkataba mbele ya wakili. Choo cha nyumba hii kipo mita 14 kutoka mtaani, gari la majitaka linakifikia bila shida.

Kama mnunuzi angekuwa anatafuta ghorofani, tuseme Upanga au Kariakoo, swali lingebadilika sura. Sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya mwaka 2008 inatenganisha sehemu yako na maeneo ya pamoja. Namba iliyopakwa rangi chini ya jengo haikupi nafasi. Nafasi ni yako iwapo ramani ya sehemu na hati zinaitaja.

Vitu vitatu vingetufanya tugeuze uamuzi wa Magomeni kwenda nyumba ya tatu: mama kuanza kutumia kiti cha magurudumu, familia kuanza biashara inayopakia mzigo kila alfajiri, au kukosekana kwa uwanja wa pili wa akiba. Hilo la mwisho liwekwe kwenye ratiba ya malipo. Malipo ya awali yasizidi asilimia 10, na salio lilipwe baada ya siku 30, muda ambao mkataba wa uwanja unasainiwa na gari linalazwa huko wiki mbili mfululizo, mke akipita njia hiyo kwenye zamu zake za kweli. Mkataba wa nyumba utamke kwamba mnunuzi akijitoa ndani ya siku hizo 30, anarudishiwa malipo ya awali baada ya kukatwa kiasi kilichotajwa, tuseme milioni moja. Muuzaji mwenye haraka atalikataa sharti hilo mwanzoni. Bora umwongezee milioni moja kwenye bei kuliko kuliondoa.